Usiniambie Linavuta Wapi, Niambie Linavuta Lini

Mazungumzo na madereva wa teksi na wenye magari madogo, Morogoro

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, habari za asubuhi. Mwenyekiti amenipa dakika 40, na ameshaninong'oneza kwamba ikigonga saa nne watu wanarudi barabarani kutafuta hesabu. Kwa hiyo salamu zangu zitakuwa fupi kama za kondakta.

Mimi ni fundi wa miguu. Injini sigusi, umeme nauogopa, rangi sijui. Kazi yangu inaanzia kwenye usukani kushuka chini: shokapu, springi, bushi ambazo ni raba za maungio, boljointi ambayo ni kiungo chenye kichwa cha mviringo, tairodi ambayo ni fimbo ya kugeuzia gurudumu, breki, magurudumu. Na katika kazi hiyo hakuna maneno niliyoyasikia mara nyingi kama haya: "Fundi, gari linavuta kushoto, nifanyie alaimenti."

Alaimenti ni kupanga pembe za magurudumu. Hebu yasikilizeni vizuri maneno hayo. Yana ugonjwa na yana dawa, vyote vimetoka kinywani mwa mgonjwa, daktari hajapima hata homa. Ukifika hospitali ukasema "tumbo linaniuma, nipasueni," watakutazama usoni. Gereji watu wanasema hivyo kila siku, na kwa miaka mingi, nakiri mbele yenu, mimi nilikuwa napasua. Alaimenti ni hela ya haraka, na mteja ameitaka mwenyewe, nani akatae?

Nilichokuja kuwaomba ni hiki. Ukija kwangu, au kwa fundi yeyote, habari ya gari kuvuta kushoto au kulia iache. Hiyo nitaiona mwenyewe kabla hatujakata kona ya kwanza. Niambie linavuta lini. Muda wote? Ukikanyaga breki tu? Ukikanyaga mafuta? Asubuhi liko sawa, mchana limeanza? Lilianza siku gani, na siku hiyo kilitokea nini? Ukinijibu hayo, nusu ya kazi umenifanyia, na mara nyingine umeokoa hela ya mafuta ya wiki nzima.

Kwanza tuelewane lugha, maana wagonjwa watatu tofauti huja wakiwa na jina moja. Kuvuta ni pale unapolazimika kuushikilia usukani; ukiulegeza, unageuka wenyewe na gari linahama njia. Kuna usukani kukaa kombo: gari linakwenda sawa kabisa, ila usukani umeinama kama kofia ya mlevi. Hilo si kuvuta. Aliyerekebisha tairodi mara ya mwisho hakuangalia usukani umekaaje, basi. Halafu kuna kutetemeka, na huko tunakwenda kwenye balansi, rimu na diski. Leo nazungumzia kuvuta.

Na kabla hatujalilaumu gari, tuilaumu barabara. Lami haikulazwa kama meza. Katikati imeinuliwa mgongo na pembeni imeshushwa, ili mvua ikinyesha maji yakimbilie mtaroni. Mteremko wenyewe ni mdogo, asilimia 2 au 3 hivi, yaani kila mita moja ya upana inashuka sentimita 2 au 3. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari lako likiwa kwenye njia yake linalalia mtaro wa kushoto kutwa nzima. Ukilegeza usukani litahamia kushoto polepole, nalo halina kosa, linafuata mteremko kama maji. Wanaopeleka malori Kigali wanalijua hili bila kufundishwa. Ukivuka mpaka pale Rusumo unahamia upande wa kulia wa barabara, na lori lile lile lililokuwa likilalia kushoto tangu Dodoma linaanza kulalia kulia.

Ndiyo maana siku hizi mteja akija, simpandishi kwenye mashine ya alaimenti. Namtafutia kwanza mahali tambarare. Uwanja mpana unatosha. Ukikosa, chukua barabara ya mtaa iliyo tupu, Jumapili alfajiri, mwenzako akiwa amekaa pembeni anakuangalizia, upite taratibu upande wa pili wa ule mgongo. Gari likilalia kulia huko, rudi nyumbani ukanywe chai. Likiendelea kuvuta kushoto hata huko, sasa tuna kesi.

Tuseme basi kesi ipo, na jibu la "lini" ni "muda wote." Tunaanza na kilicho rahisi.

Nyoosheni mikono: nani wiki hii amepima upepo wa matairi kwa geji? Kupiga teke siyo kupima, kaka. Naona mikono mitatu. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango, kuna stika. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo stika inaandika kilopaskali: 220, ambayo ni kama psi 32, au 230, kama psi 33. Soma ya gari lako, usisome ya jirani. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja, linakuwa zito kuzunguka, na gari linavuta kwenda upande wake. Upime asubuhi kabla hujatembea, maana tairi likipata moto presha inapanda na geji itakudanganya. Nanyi mnajua kwamba geji mbili za mafundi pancha wawili hazisemi namba moja. Isikuumize kichwa. Tumia geji moja ile ile kushoto na kulia. Ikikosea, itakosea sawasawa pande zote, na kwenye kuvuta kinachotuhusu ni tofauti ya pande mbili.

Upepo uko sawa na bado linavuta? Hapa ndipo nilipoomba hiki kikombe cha plastiki kwa mama anayetupikia chai. Asante mama, nitakurudishia. Kiangalieni. Mdomo mpana, kitako chembamba. Nakilaza mezani, nakisukuma mbele. Mmeona? Hakikwenda mbele. Kimekata kona, kimezunguka kama kinarudi kwangu. Nasukuma tena, kile kile. Hakuna aliyekigeuza usukani. Umbo lake ndilo linalokipeleka.

Kuna matairi yanayofanya hivyo. Ndani ya tairi, chini ya kashata, haya maua ya mpira mnayoyaona, kuna mikanda ya nyaya za chuma. Mkanda ukiwa haukukaa katikati tangu kiwandani, au umehama kwa sababu tairi limepigwa na mashimo, bega moja la tairi linakuwa gumu kuliko lingine, na tairi linatembea kama hiki kikombe. Kwa macho huoni kitu. Kashata nzima, jina zuri, upepo sawa. Hata mashine ya alaimenti haioni, kwa sababu vile vishikio vyake vinashika rimu. Inapima chuma. Mpira haiupimi.

Nilijifunza hili kwa aibu. Ililetwa Toyota Noah na mama mmoja, mfanyabiashara, mtu wa heshima zake. Inavuta kushoto muda wote. Nikafanya alaimenti, ikaendelea kuvuta. Nikamwambia bushi zimechoka, na kweli zilikuwa zimechoka, nikabadilisha, nikafanya alaimenti ya pili. Namba zote kwenye mashine za kijani kama shamba la mpunga, na gari linavuta kushoto. Mama akanitazama kama wanavyotazamwa watu wazima waliokula hela ya watu. Siku ya tatu, kijana wangu wa kazi alitoa magurudumu ya mbele ili asafishe breki, na kwenye kurudisha akayachanganya, la kushoto akalifunga kulia. Nikatoka nalo barabarani. Linavuta kulia! Nilisimamisha gari pembeni nikakaa dakika nzima. Matairi mawili ya mbele mama alikuwa ameyanunua yametumika, kila moja limetoka kwake, na moja lilikuwa kikombe. Hela ya alaimenti ya pili nilimrudishia. Ya kwanza sikurudisha, nilikuwa nimeshaila.

Kwa hiyo sasa kipimo hiki nakifanya kabla ya kushika spana nyingine yoyote, na ninyi mnaweza kukifanya wenyewe kwa jeki, spana ya nati na robo saa. Simamisha gari mahali pagumu na tambarare, funga breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya magurudumu. Badilishaneni nafasi magurudumu ya mbele, la kushoto liende kulia. Endesha njia ile ile. Likihamia kuvuta upande wa pili, ni tairi. Likiacha kuvuta kabisa, pia ni tairi, limekutana na mwenzake wakazuiana. Likiendelea kuvuta upande ule ule, matairi ya mbele yamesamehewa, tunaendelea. Angalizo moja: tairi lingine lina mshale ubavuni wa kuonyesha linakozungukia. Hilo usilihamishe upande. Badilisha la mbele na la nyuma yake.

Na mkiwa mmeinama hapo, someni ubavu wa tairi. Mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT kuna namba nne. Ikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji anaweza kupaka dawa likang'aa kama kiatu cha bwana harusi, lakini namba hiyo haing'arishwi. Mbele weka matairi mawili ya saizi moja, jina moja, na yaliyolika kwa kiasi kimoja. Mtu anaweka jipya kushoto na kipara kulia, kisha anauliza gari lina nini.

Nikitoka kwenye matairi naingia kwenye breki, na hapa naomba mnisikilize zaidi, kwa sababu breki inayokwama huvuta gari leo na kesho inaweza kuwasha moto.

Kijana mmoja wa IST alinijia akiwa ameshapita gereji mbili, alaimenti mbili, na boljointi moja mpya ambayo haikuwa na kosa. Nikamuuliza: lini? Akafikiri kidogo. Akasema, "Fundi, nikitoka nyumbani Kihonda asubuhi liko sawa kabisa. Nikishapeleka abiria kama watatu, nikiwa pale Msamvu, linaanza kuvuta kushoto. Nikilala nalo usiku, asubuhi limepona." Nilitamani kumkumbatia. Hakuna alaimenti inayopona usiku. Pembe za magurudumu hazijui saa. Kitu kinachobadilika kwa kutumika na kurudi kwa kupumzika kina uhusiano na joto na mafuta, na chini ya gari kitu hicho ni breki.

Nikamwambia alizungushe mjini mpaka lianze. Aliporudi, nikapitisha kiganja karibu na kila rimu, bila kugusa. Msiguse jamani, kuna mtu aliniachia ngozi ya kidole pale. Kulia, joto la kawaida. Kushoto mbele, kama nimesogelea jiko la mkaa, na ile harufu ya pedi ya breki iliyoungua. Ukiwa na ile bunduki ya kupimia joto la mitambo ni vizuri zaidi, unasoma namba nne za magurudumu manne unalinganisha. Lakini ile ya paji la uso tuliyoizoea wakati wa korona haifai, imetengenezwa kusoma binadamu.

Nikapandisha jeki, nikaweka stendi. Gurudumu la kushoto halizunguki kwa mkono, la kulia linazunguka. Sasa swali: nani ameshika? Kalipa yenyewe, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, imekwama, au kuna presha ya mafuta imefungiwa ndani? Hapo fundi mwenye haraka anauza kalipa nzima. Mimi nikachukua spana namba 10, nikafungua ile niple ndogo ya kutolea upepo, robo mzunguko tu. Mafuta yakaruka, meusi kama kahawa ya kijiweni, na gurudumu likasema "tk" likaachia. Nikalizungusha kwa kidole kimoja.

Maana yake kalipa haikuwa na shida. Ilikuwa inabanwa na mafuta yaliyokataa kurudi. Nikafunga niple, nikakanyaga breki mpaka ikabana tena, safari hii nikafungua juu zaidi, pale paipu ya chuma inapoungana na hozi ya mpira. Hakuna presha iliyotoka, na gurudumu bado limeshikwa. Basi mafuta yamezuiwa katikati ya sehemu hizo mbili, na katikati yake kuna hozi tu, urefu wa kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Kwa nje ilikuwa nzima, haina ufa. Nilipoitoa nikaipasua kwa kisu kumwonyesha mwenye gari. Mpira wa ndani ulikuwa umevimba na kubanduka, tundu lililobaki sindano ya cherehani ingepita kwa shida.

Tazameni jinsi ilivyomchezea. Ukikanyaga pedeli, nguvu ya mguu na ya kisaidizi cha breki ni kubwa, mafuta yanajipenyeza kwenye tundu hilo. Ukiachia, hakuna nguvu ya kuyarudisha isipokuwa mpira mdogo ndani ya kalipa unaovuta pistoni nyuma kidogo. Nguvu hiyo haishindi tundu lililoziba. Kwa hiyo kila akikanyaga anaongeza, na kinachorudi ni kidogo. Baada ya abiria watatu gurudumu limeshikwa. Usiku kucha mafuta yanachuruzika taratibu kurudi, asubuhi gari zima.

Hozi inafika hapo kwa uzee, lakini pia kwa ufundi mbovu. Mtu anabadilisha pedi, anatoa kalipa, anaiacha inaning'inia kwenye hozi kama popo. Kalipa ni chuma kizito. Ifunge kwa waya kwenye springi, ndugu zangu, waya ni bure. Sababu nyingine ni kuweka mafuta yasiyo ya breki. Chombo cha mafuta ya breki kimeandikwa DOT 3 au DOT 4, mtu anaongezea mafuta ya usukani kwa sababu yamebaki. Mipira yote ya mfumo inavimba, na hapo siyo hozi moja tena. Hata mafuta sahihi hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo kila miaka miwili hivi yatolewe yawekwe mapya. Yakishafanana na kahawa yamechelewa.

Ingekuwa nimefungua niple na gurudumu likabaki limeshikwa, basi kosa lipo kwenye kalipa yenyewe: pistoni ina kutu, au zile pini ambazo kalipa inatelezea zimekauka. Pini mara nyingi ni kusafisha na kupaka grisi ya breki. Grisi ile ya beringi usiweke, inavimbisha mpira.

Sasa kuna kuvuta kwingine ambako hukaa kimya mpaka ukanyage breki. Gari linakwenda sawa, ukikanyaga linaruka kulia. Wengi wanafungua kulia. Mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa, nadhani yamemkuta. Fikirieni watu wawili wanamzuia fahali kwa kamba mbili, mmoja kila upande. Wa kushoto akiteleza kamba ikamponyoka, fahali anavutwa kulia, anakovutwa na yule anayefanya kazi yake. Utamlaumu wa kulia? Gari linakimbilia upande ambao breki inashika. Kwa hiyo likiruka kulia, anza kushoto: pedi zimeloa mafuta au grisi, pistoni haisogei, pini zimeganda, kuna upepo kwenye laini. Na pedi zibadilishwe pande zote mbili pamoja, za aina moja. Ukibadilisha upande mmoja ili kubana matumizi, umeajiri watu wawili wenye nguvu tofauti kumshika fahali.

Breki zikiwa safi, nalala chini kuangalia miguu yenyewe, na hapa swali la "lini" linageuka kuwa "lilianza siku gani." Watu wananificha. "Fundi, limeanza tu lenyewe." Mficha maradhi, kifo humuumbua, rimu imepinda, na bado kuna rangi ya ukingo wa barabara kwenye tairi. Semeni tu. Sitamwambia bosi wako.

Shimo au ukingo ukilipiga gurudumu la mbele, linasukumwa nyuma. Hata kama ni kidogo, bushi imechanika au wishbone, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, imepinda. Mguu wa mbele umepangwa uwe umeegemea nyuma kidogo kwa juu, kama uma wa mbele wa baiskeli, na mwegemeo huo, ambao mafundi tunauita kasta, ndio unaorudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona. Sehemu ya chini ikisukumwa nyuma, mwegemeo unapungua, na gari linavuta kwenda upande uliopungua. Kipimo chake hakihitaji mashine. Nyoosha usukani, chukua kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto, kisha kulia. Upande uliopigwa ukiwa mfupi, nimeshajua pa kuangalia.

Kipimo cha pili ni futi ya fundi cherehani. Gari tupu, mahali tambarare, pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi. Pande mbili zisipolingana kwa kiasi cha kuonekana, mulika springi kwa tochi. Springi hukatikia kule mwisho kabisa, kwenye kikalio, na kipande kinabaki hapo kimejificha. Upande mmoja ukikaa chini, gurudumu linabadilisha mlalo wake, yaani kemba.

Kemba ni gurudumu kulala kwa juu, kuingia ndani au kutoka nje. Gari linavuta upande ambao gurudumu limetoka nje zaidi kwa juu. Na mara nyingi aliyeiharibu ni sisi mafundi. Kwenye IST, Noah, Premio na wenzao, mguu wa shokapu umefungwa kwa bolti mbili kubwa kwenye chuma kinachobeba habu. Matundu yale yana nafasi kidogo. Ukitoa shokapu kubadilisha, ukarudisha na kukaza bila kujali, gurudumu linaweza kulala tofauti na lilivyokuwa. Mimi kabla sijafungua napiga alama kwa rangi nyeupe kuzunguka bolti na chuma chake, kisha narudisha alama kwenye alama. Kwa hiyo kama kuvuta kulianza siku uliyobadilisha shokapu, usitafute mchawi mbali.

Likivuta ukikanyaga mafuta, na ukiachia linavuta upande wa pili, bushi kubwa za wishbone zimekatika, gurudumu linatembea mbele na nyuma. Mwambie mwenzako akanyage mafuta na breki kidogo kidogo huku wewe ukiangalia kutoka ubavuni, usisimame mbele ya gari hata siku moja. Na usukani ukijigeuza wenyewe gari likiwa limeinuliwa magurudumu ya mbele hewani na injini inanguruma, kosa ni kwenye mfumo wa usukani, na kwa usukani wa umeme hiyo ni kazi ya mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta. Mimi hapo namkabidhi mwingine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Alaimenti sasa, maana msije mkasema fundi ameipiga marufuku. Nenda, lakini iende ikiwa ya mwisho: upepo umejazwa, matairi yamepimwa kwa kubadilishana, hakuna gurudumu linaloshikwa, hakuna boljointi wala tairodi inayocheza. Mashine ikipima gari lenye boljointi iliyolegea, inapima jinsi lilivyosimama saa ile tu. Ukipiga tuta la kwanza namba zimehama. Omba karatasi ya kabla na ya baada. Usiangalie rangi, angalia tofauti ya kushoto na kulia kwenye kemba na kasta. Ikizidi nusu digrii, hiyo inaweza kuwa ndiyo inayovuta. Kile kipimo cha kufungua na kufunga vidole vya magurudumu ya mbele, yaani ncha zao za mbele kuachana au kukaribiana, ambacho wengine wanakipima kwa uzi, na mwenye jicho zuri anapata kwa uzi vizuri tu, hicho kinakula matairi na kupindisha usukani, lakini kwa kawaida hakivuti gari. Na kwa alaimenti nyingi za mitaani ndicho pekee kinachorekebishwa. Ndiyo sababu unalipa, unaondoka, na linavuta vile vile.

Basi. Maswali nitayajibu nje, kwa sababu kabla sijaanza kuna kaka mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia Probox yake inavuta kushoto, na ameiegesha pale chini ya mwembe. Uko wapi kaka? Simama. Inavuta lini?

Anasema muda wote. Hata breki usipogusa? Hata usipogusa. Imeanza lini? Anacheka. Haya, tumeelewana, tangu Jumamosi aliponunua tairi moja. Nani ana geji inayosoma? Na wewe kijana mwenye fulana nyekundu, njoo na jeki, tunabadilishana magurudumu ya mbele kabla ya saa nne.